Clarendon: Herufi Nzito na Kazi Yake

Mwaka 1845 Robert Besley, wa kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London, aliandikisha chapa iitwayo Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Sheria ilimpa hifadhi ya miaka 3 tu; ilipokwisha, washindani wake waliiiga waziwazi.

Mistari ya herufi hizi ni minene, na vikono vya nchani ni vipana, vimeungana na shina kwa mkunjo laini. Kwa hiyo ni nzito pasipo ukali. Sifa yake kuu ni kwamba ilikusudiwa kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida, ikitokeza neno moja miongoni mwa mengine. Ndiyo maana ilifaa kamusi: kidahizo huonekana upesi, kisha maelezo yakafuata kwa utulivu.

Hata hivyo, ina kasoro. Wino ukizidi au karatasi ikiwa duni, matundu ya a na e huzibika. Tena ukurasa mzima wa chapa hii huchosha macho. Yafaa zaidi tangazo la ukutani kuliko hadithi.

Hapo pana funzo kwetu sisi waalimu. Mathalani, katika somo la ngeli, kiambishi ki- cha «kiti» ndicho kistahilicho uzito. Sentensi nzima ikikolezwa, mwanafunzi hatajua atazame wapi, nalo somo limepotea. Basi tuandikapo vitabu vya sarufi, tukoleze kile tu tunachokifundisha.