Banange, Nta Hii! Tenex kwa Mara ya Kwanza

Banange! Kisanduku kinafunguliwa, na kinachokupokea kwanza ni harufu ya nta. Risasi 50 za Eley Tenex, saizi .22, kutoka Birmingham, Uingereza. Nagusa moja: inateleza! Kidole kinabaki na utando mwembamba wa mafuta, na mwenye leseni yake ananikodolea macho kama nimechovya kidole kwenye keki ya harusi.

Anayo haki, maana utando huo ndio mchezo wenyewe. Risasi za bunduki kubwa vichwa vyake huvikwa shaba. Hii, ya aina iliyozaliwa Marekani mwaka 1887, ina kichwa kitupu cha madini laini, chenye unene sawa na ganda lake, kwa hiyo kilainishi hakina pa kujificha. Hukaa nje, peupe. Kikikosekana, madini yanajikwangua mtutuni na shabaha inapotea. Kikiwepo, kila risasi inaupaka mtutu kwa ajili ya ile inayoifuata. Ndiyo sababu ukibadili aina ya risasi, za mwanzo hutawanyika hadi nta mpya ienee mtutuni. Nimeliona kwa macho: matundu ya kwanza huku na kule, kisha pa, pa, pa, yanaanza kuingiliana! Na duara la alama kumi kwenye shabaha ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, jamani.

Mchanganyiko wa kilainishi hicho ni nta ya nyuki na mafuta ya mnyama. Basi! Mnyama gani? Swali halali. Mwaka 1857 uvumi kuhusu mafuta ya ng'ombe na nguruwe kwenye risasi za Enfield uliwasha uasi wa askari India, na hapa Kampala Mhindu na Mwislamu wanaweza kulala bega kwa bega wakilenga shabaha.

Sasa sikieni utamu wenyewe. Tenex hutoka mtutuni kwa takriban mita 331 kwa sekunde. Hewa ikiwa nyuzi 0, sauti nayo husafiri karibu kasi hiyohiyo, kwa hiyo kwenye baridi ya Ulaya risasi huanza safari ikiwa mpakani mwa sauti, mahali penye misukosuko. Kwetu, kwenye nyuzi 25, sauti inafika mita 346. Nafasi tele! Tena tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, upepo hauna nguvu ileile ya kuisukuma pembeni. Utadhani waliipika kwa ajili yetu.

Adui ni vumbi. Vumbi letu jekundu linaipenda nta hii kupita kiasi: risasi ikidondoka chini, iweke kando, maana mchanga umeshanata na utausugua mtutu. Jua nalo! Kisanduku kikisahauliwa kwenye dashibodi mchana, mafuta yanalegea na kuhama, risasi moja inalowa, jirani yake inabaki kavu. Kuna wanaojiongezea grisi yao wenyewe juu ya ile ya kiwandani. Waacheni! Unacholipia hapa ni utando ulio sawasawa kutoka risasi ya kwanza hadi ya hamsini, na bei yake inauma kwelikweli. Za mazoezi tafuteni za bei nafuu zenye nta ya aina hiyohiyo, Tenex ingojee siku ya mashindano.