Tisa Iliyorukwa: Jicho la Mgeni katika Matembezi ya Karen Blixen kati ya Ngong na Nairobi

Utangulizi

Fasihi ya safari inayohusu Nairobi imeandikwa kwa sehemu kubwa na wageni, tena kwa lugha za kigeni. Yamkini ni kwa sababu hiyo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameiachia idara jirani, kana kwamba haiwahusu. Makala haya yanashikilia kwamba inawahusu, na kwamba kuna mambo ndani yake ambayo msomaji wa Kiswahili ndiye anayeweza kuyang'amua upesi kuliko mwingine. Kitabu kitakachochunguzwa ni Out of Africa cha Karen Blixen, kilichotoka mwaka 1937. Mazungumzo mengi kinachoyasimulia yalifanyika kwa Kiswahili cha namna fulani, na palipo na Kiswahili ndipo kinapofichua zaidi jinsi mgeni anavyotazama nchi ya watu. Hoja kuu ni kwamba raha ya mtazamaji katika kitabu hiki mara nyingi hutokana na kitu kinachokosekana: neno, historia au mtu. Hata hivyo, kitabu chenyewe kimehifadhi sauti zinazoisuta raha hiyo.

Blixen, Mdenmarki, aliwasili mwaka 1914 na kukaa katika shamba la ekari 6,000 chini ya vilima vya Ngong, kiasi cha maili 12 kutoka Nairobi. Ekari 600 hivi zilipandwa kahawa, zao lisiloafikiana vyema na baridi na uhaba wa mvua wa mahali hapo. Shamba lilifilisika, naye akarejea kwao mwaka 1931. Ardhi iligawanywa kuwa viwanja, na leo sehemu hiyo ni mtaa wa Karen. Nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Sydney Pollack iliyotokana na kitabu hicho. Mtalii anayetoka mjini kwenda kuitazama nyumba hiyo huvitazama vilima kwa jicho ambalo kitabu na filamu zimekwisha kumwandalia. Hivyo basi, kumhakiki Blixen ni kuhakiki pia desturi ya matembezi ambayo bado ni hai.

Shutuma inayofahamika zaidi ni ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika insha iliyomo katika Moving the Centre (1993), alionyesha kwamba mapenzi yanayosifiwa katika kitabu hiki ni mapenzi ya bwana kwa mnyama wake wa kufugwa. Ushahidi wake mkuu ni jinsi Kamante, mpishi wa Blixen, anavyofananishwa na mbwa. Shutuma hiyo ni ya haki. Upungufu wake ni kwamba inamkabili mwandishi kwa yale anayoyatamka, ilhali yapo mengi katika matini yanayomponyoka. Makala haya yanafuatilia hayo ya pili.

Tisa iliyorukwa

Katika sehemu ya kitabu iliyo na visa vifupi vifupi, Blixen anasimulia alivyojifunza kuhesabu kwa Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa kijana wa Kiswidi, mtu wa ng'ombe wa maziwa na mwenye haya. Neno tisa lina mlio usio wa adabu masikioni mwa Mswidi. Kijana alipofika nane akanyamaza, akageuza uso, akasema kwamba Waswahili hawana tisa. Mwanafunzi akastaajabu: je, na kumi na tisa? Hawana hiyo pia, wala tisini, wala mia tisa. Blixen anakiri kwamba jambo hili lilimfurahisha kwa muda mrefu. Aliwaona kuwa watu wenye ujasiri wa kuvunja utaratibu wa hesabu unaowabana wengine. Baadaye alipomweleza mtu mwingine falsafa hiyo, akasahihishwa, na masahihisho yakamwacha akijihisi kama aliyenyang'anywa kitu. Hata hivyo, anafunga kisa kwa kusema kwamba bado anahisi kuna mahali ambapo hesabu isiyo na tisa ipo na inafanya kazi.

Ni kisa cha kuchekesha, na kicheko chake kinamwangukia msimulizi mwenyewe. Mhakiki asiyeiona kejeli hiyo atamdhulumu mwandishi. Lakini kejeli haimalizi jambo. Kinachostahili kupimwa ni mfuatano wa hisia: ujinga ulileta furaha, elimu ikaleta hasara, na baada ya elimu msimulizi akachagua kurudi kwenye furaha yake.

Msomaji wa Kiswahili anajua zaidi ya hapo. Lugha iliyodaiwa kuwa haina tisa ina tisa mbili. Iko tisa iliyotokana na Kiarabu pamoja na sita na saba, na liko neno la Kibantu, kenda, ambalo washairi na wazee hawajaliacha. Aidha, neno hilohilo kenda ndilo la Wagĩkũyũ, na wengi wa watu waliokuwa wakikaa na kufanya kazi katika shamba la Ngong walikuwa Wagĩkũyũ. Kwa watu hao tisa si namba tu. Asili ya koo zao inahesabiwa kwa mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wanaoitwa kenda mũiyũru, yaani tisa kamili, ingawa majina yenyewe hufika kumi. Kwa hiyo mgeni aliota taifa lisilo na tisa akiwa amezungukwa na watu wanaosimulia mwanzo wao kwa tisa. Utajiri wa hesabu aliokuwa akiutafuta ulikuwako shambani kwake, pengine hata jikoni kwake, na wa ajabu kuliko ndoto yake: hesabu ambayo kumi husemwa tisa. Ili kuupata alihitaji kumwuliza mwenyeji badala ya Mswidi mwenzake wa ugenini.

Kisa kingine kinatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Wakati wa kuvuna mahindi, Blixen aliwatungia vijana wa shamba beti za mzaha kwa Kiswahili, wakafurahia vina na kumwomba aendelee, wakiifananisha sauti ile na mvua. Wasomaji wengi wa Ulaya wamekipenda kisa hiki kama picha ya watu wanaokutana na ushairi kwa mara ya kwanza. Beti alizozinukuu, hata hivyo, zina vitenzi visivyo na viambishi vya nafsi. Hicho ni Kisetla, Kiswahili cha walowezi ambacho F. H. Le Breton alikitungia kitabu cha mafunzo mwaka 1936, na ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kutoa amri. Huenda vijana wale hawakuzoea vina katika nyimbo zao. Lakini lugha yenyewe iliyotumika kuwashangaza ilikuwa na ushairi wa vina na mizani wa karne kadhaa: Muyaka bin Haji alikuwa ameshafariki karibu miaka 100 kabla ya kitabu hiki kutoka. Blixen aliazima lugha bila kuazima maktaba yake. Hapa tena inarukwa tisa.

Barabara ya kwenda mjini

Matembezi ya ardhini katika kitabu hiki hufuata barabara moja, ile inayotoka Ngong kuingia Nairobi. Mlowezi huenda mjini kwa benki, kwa posta, kwa ofisi za serikali na kwa marafiki. Blixen anauchora mji wenye mabati mengi na safu za mikaratusi, kisha anatembeza jicho katika vitongoji vyake: soko la Wahindi, mji wa Wasomali, na mji wa Waswahili ulioelekea Muthaiga, uliojengwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyobondwa yakawa bapa. Anauona mji huo wa Waswahili kuwa mchafu, wenye rangi na wenye uhai, na sifa mbaya.

Madebe hayo ni undani wa kweli, na mwandishi aliyeyaona ana jicho. Swali ambalo halikuulizwa ni kwa nini yalikuwa madebe. Pangani cha wakati huo kilikuwa kijiji cha Waafrika waliojitafutia makao katika mji uliowahesabu kuwa wapita njia. Sheria haikuwapa uhakika wa ardhi, na mtu asiye na uhakika wa ardhi hajengi kwa mawe. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1930 kikawa kimebomolewa. Msimulizi aliyetumia kurasa nyingi kulilia ekari 6,000 zilizompotea alipita kando ya watu ambao nyumba zao zilikuwa zikingojea kuvunjwa, akaona rangi ya kutu. Hili halitokani na ukosefu wa huruma. Ni tabia ya utanzu: katika maandishi ya matembezi, mandhari ina umbo na rangi, lakini haina hatimiliki.

Ipo sehemu moja ambapo hesabu inatimia. Katika miezi yake ya mwisho, Blixen alihangaika kutoka ofisi hadi ofisi za serikali mjini ili watu waliokaa shambani wasitawanywe, hadi wakapewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti wahamie pamoja. Hapo anaeleza waziwazi kwamba anayewanyang'anya watu ardhi huwanyang'anya na historia yao. Inafaa kuona ni wakati gani aliweza kuandika hivyo. Barabara ileile ya mjini, iliyokuwa ya mandhari, sasa imekuwa ya foleni na majibu ya makarani, kwa sababu naye amekuwa mtu wa kuomba. Mtalii ameondoka katika usimulizi, na nathari yake haijawahi kuwa na nguvu zaidi.

Swali la Ndwetti

Upeo wa matembezi katika kitabu hiki uko angani. Denys Finch Hatton alikuwa na ndege ndogo, na wawili hao waliruka juu ya vilima vya Ngong na hadi ziwa Natron. Kurasa hizo zimesifiwa kwa haki. Kutoka juu, nchi inakuwa mchoro: nyati wanachunga mteremkoni, ndege wanatapakaa juu ya maji, na mzozo wa ardhi hauonekani.

Lakini mara baada ya sifa hizo, Blixen anamleta mzee mmoja wa Kigĩkũyũ aitwaye Ndwetti, aliyekuja kuwauliza maswali. Je, walipanda juu sana? Je, walimwona Mungu? Hawakumwona. Basi hawakufika juu vya kutosha. Je, siku moja watafika? Hawajui. Mzee anahitimisha kwamba, ikiwa ni hivyo, haoni hata kidogo kwa nini wanaendelea kuruka. Kisa kinaishia hapo, na msimulizi hamjibu.

Wengi wamekisoma kisa hiki kama ucheshi wa mshamba asiyejua ndege. Usomaji huo hauzingatii mantiki ya maulizo. Ndwetti anafuata njia ya mtu anayehoji gharama: anayepanda lazima awe anakwenda kuona kitu, kitu kikubwa kuliko vyote hakikuonekana, basi safari imeleta nini nyumbani? Katika jamii ambayo msafiri akirudi huketishwa na kudaiwa habari, hilo ni swali la kawaida kabisa. Ni uhakiki wa utalii uliotamkwa ndani ya kitabu cha mtalii, na ubora wa Blixen kama msanii ni kwamba aliuacha pale ulipo, bila kuujibu na bila kuudhihaki.

Wageni wa hesabu nyingine

Ili kuonyesha kwamba lawama haimwangukii kila mwenye asili ya mbali, mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Theodor Bumiller katika safari ya Urusi na Siberia mwaka 1896, na ambaye masimulizi yake yalitolewa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Huyu alikuwa mtumishi na hakulificha jambo hilo. Kwa kuwa hakuwa na amri juu ya njia wala mandhari, nathari yake inaeleza watu wanakula nini na wanaishije, na haisahau kwamba mtazamaji naye anatazamwa.

Wa pili ni Marjorie Oludhe Macgoye, aliyetoka Uingereza mwaka 1954 kuja kuuza vitabu vya misheni Nairobi, akaolewa nchini na kuwa raia. Katika Coming to Birth (1986), Paulina anashuka kwenye stesheni ya Nairobi mwaka 1956, katika Hali ya Hatari, na baada ya muda mfupi anapotea mjini. Mji wake hauna mandhari hata kidogo. Una chumba, zamu za polisi, hospitali na njia isiyojulikana ya kurudi nyumbani. Mwandishi aliyezaliwa ng'ambo aliweza kuandika hivyo kwa sababu alikubali kuhesabu pamoja na waliokuwa wakihesabu senti za nauli na za kodi. Kwa hiyo ugeni wenyewe si kosa la kifasihi. Kosa ni kuupenda ugeni kiasi cha kutotaka kusahihishwa.

Hitimisho

Hati ya mwaka 1968 ya Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ilidai Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na mengine yapangwe kuizunguka. Dai hilo halikutaka maandishi ya wageni yatupwe. Lilitaka yasomwe kutoka mahali pengine. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili ni mojawapo ya mahali hapo: kupitia kenda na tisa, kiambishi kilichodondoshwa na swali la mzee, matini ya Blixen inasema zaidi ya ilivyokusudiwa. Basi wanaofundisha kitabu hiki kwa Kiingereza, umbali wa maili chache kutoka nyumba ya Karen, wangefaidika kuwaomba jirani zao wa idara ya Kiswahili waketi darasani siku ya kisa cha tisa. Nao wa Kiswahili hawana sababu tena ya kusema kwamba hakiwahusu.