Hongera, wenye nyavu

Masika yakishanyesha, kwenye miteremko ya kilima cha Rebero, Rwanda, utamwona: kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mabaka meupe, anaruka polepole kama mtu asiyedaiwa. Ana haki ya kuringa. Kiwavi wake, mwenye milia na jozi 3 za pembe laini, hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Sumu hiyo hubaki mwilini: ndege akishamwonja, hamtamani tena.

Huyu ni Danaus chrysippus, ndugu wa yule wa Marekani anayehamia Mexico. Wetu hufuata mvua, na Afrika Mashariki ndipo aina zake hukutana na kuzaana. Huku pia bakteria wa Spiroplasma huwaua watoto wake wa kiume. Tumeyajua hayo kwa sababu kuna watu walioshinda juani na nyavu, wakihesabu majike na madume. Kazi ya kuchosha, na watoto wa mtaani huicheka! Mmoja wa hao wenye nyavu, Ian Gordon, alianzisha Mradi wa Kipepeo huko Gede, Kenya, mwaka 1993, wanavijiji wapate kipato bila kukata msitu wa Arabuko-Sokoke. Baadaye akafanya kazi Chuo Kikuu cha Rwanda.

Nawe unayefyeka kiwanja Rebero, ibakize kidogo hiyo mimea ya utomvu kando ya ua.