Picha 120 kwa sekunde: kamera mpya inabadili nini ukingoni mwa uwanja

Mguu unapoupiga mpira, kiatu na mpira hugusana kwa takriban milisekunde 10 tu, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo mpira unabonyea, kifundo kinakaza na uso wa mchezaji unakunjamana kwa nguvu anayoitoa. Wapigapicha wa michezo wameiwinda picha hiyo miaka nenda miaka rudi. Kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde huacha pengo la milisekunde 50 kati ya picha moja na nyingine, hivyo uwezekano wa kuunasa mguso huo ni mmoja kati ya mitano. Inayopiga 120 huacha pengo la milisekunde 8 na kidogo. Pengo limekuwa dogo kuliko mguso wenyewe, na mguso hauna tena pa kupenya.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kuijaribu Sony a9 III, kamera isiyo na kioo iliyotangazwa Novemba 2023. Katika kamera za kubadilisha lenzi zenye sensa ya fremu kamili, hii ni ya kwanza kuisoma sensa nzima kwa mkupuo mmoja. Ina megapikseli 24.6, inapiga picha 120 kwa sekunde huku ikiendelea kufuata fokasi, na shata yake inafika 1/80,000. Nimeitumia kwenye mpira wa miguu, mchana na usiku, na kwenye riadha. Nilitaka kujua jambo moja: katika sifa zake zote, ipi inaleta picha ambayo isingepatikana bila hiyo, na ipi inapendeza kwenye orodha tu.

Kona moja kwa karibu

Kipimo kizuri cha kamera ya michezo ni mpira wa kona. Unajua utapigwa lini, unajua utaangukia eneo gani, lakini hujui kichwa cha nani kitaufikia kwanza. Nilikaa nyuma ya mstari wa goli, upande wa mlingoti wa mbali, nikiwa na lenzi ya milimita 300 ya f/2.8. Shata niliiweka 1/2000. Spidi ya kawaida niliiacha kwenye picha 20, kisha nikakitumia kitufe kilicho mbele ya kamera, karibu na vidole vya mkono wa kulia, ambacho ukikibana kinaipandisha spidi hadi 120 na ukikiachia kinairudisha.

Sifa ya pili niliyoiwasha ni ile ya kuhifadhi picha za kabla ya kubonyeza. Ukibana kitufe cha shata nusu, kamera inaanza kuziweka picha kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ukibonyeza mpaka mwisho, inazitunza pia zile zilizotangulia, kuanzia sehemu ndogo sana ya sekunde hadi sekunde nzima. Mkono wa binadamu huchelewa: jicho likiona jambo, kidole hutii baada ya takriban sehemu ya tano ya sekunde. Kwa kamera ya zamani ulilazimika kubahatisha mbele ya tukio. Hapa unabonyeza unapouona mguso, na picha zake zimo tayari.

Matokeo yake kwenye kona yanasomeka kama somo la mwili wa mwanadamu. Picha ya kwanza, beki na mshambuliaji wameruka, mpira uko kiganja kimoja kutoka kwenye paji la uso, na macho ya mshambuliaji bado yako wazi. Inayofuata, kope zimefumba. Inayofuata, mpira umebonyea kwenye paji la uso na ngozi ya shavu imesogea upande. Inayofuata, mpira umeshaachana na kichwa na matone ya jasho yametawanyika hewani. Kwa picha 20 kwa sekunde ungepata ya kwanza, na inayofuata ingekuonyesha mpira ulio mbali na watu wawili wanaoshuka.

Kwenye riadha hesabu ni hiyo hiyo. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanja wa Kasarani mwaka 2021, wastani wake ulikuwa zaidi kidogo ya mita 10 kwa sekunde. Mkimbiaji wa kasi hiyo husogea nusu mita kati ya picha na picha ukipiga 20 kwa sekunde. Ukipiga 120, husogea takriban sentimita 8 na nusu. Kifua kinapoinamishwa kuukata mstari wa mwisho, tofauti hiyo ndiyo inayokupa au kukunyima picha ya ushindi.

Shata ya mkupuo mmoja: nani anaihitaji?

Sifa hii ndiyo inayotangazwa zaidi, nayo inataka kupimwa kwa utulivu. Kamera nyingi zisizo na kioo, zinapotumia shata ya kielektroniki, huisoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kama mashine ya fotokopi inavyopitisha taa yake chini ya karatasi. Kitu kikienda mbio wakati usomaji unaendelea, umbo lake linapinda.

Tuchukue mpira uliopigwa kwa kilomita 100 kwa saa, takriban mita 28 kwa sekunde, ukiwa umechukua sehemu ya kumi ya kimo cha picha. Sensa ya kawaida inayomaliza kusoma kwa 1/15 ya sekunde itatumia 1/150 kuupitia mpira huo. Kwa muda huo mpira umesogea sentimita 18, ilhali kipenyo chake ni sentimita 22. Utapata yai. Sasa tuchukue sensa ya tabaka (stacked), inayosomwa haraka zaidi, kama ya Nikon Z9 ya mwaka 2021, kamera ambayo haina kabisa shata ya mitambo na humaliza kusoma kwa takriban 1/270. Mpira ule ule utapinda kwa sentimita moja tu, na hakuna mhariri wa picha atakayeiona.

Kwa hiyo, kwa mpira wa miguu na riadha, sensa ya tabaka inatosha. Shata ya mkupuo mmoja inaanza kulipa pale kitu chembamba kinapokwenda kasi sana na kuchukua sehemu kubwa ya picha: fimbo ya gofu, raketi ya badminton, gongo la kriketi. Huko fimbo iliyonyooka hutoka imepinda kama upinde, na a9 III inaitoa imenyooka.

Taa za usiku

Mechi za usiku ndizo zilizonifunza zaidi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za uwanjani za aina ya zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukiwa na shata ya 1/1000, kila picha inachukua sehemu ya kumi tu ya wimbi hilo. Kamera inayosoma mstari kwa mstari huweka michirizi ya giza na mwanga ndani ya picha moja. Ile inayosoma kwa mkupuo haiweki michirizi, lakini picha moja hutoka angavu na inayofuata hutoka imefifia, hata rangi ya jezi ikabadilika. Kamera za kisasa zina mpangilio wa kuisubiri taa ifike kileleni ndipo zipige. Ila vilele viko 100 kwa sekunde, na picha 120 haziwezi zote kutua juu yake. Chini ya taa hizo, punguza spidi. Kwa usomaji wa mkupuo, mabango ya LED pembeni mwa uwanja nayo hupoteza michirizi, ingawa bango lenyewe linaweza kuonekana limezimika nusu, kwa kuwa taa zake huwaka kwa zamu.

Kuna gharama nyingine. Ili sensa isomwe kwa mkupuo, kila pikseli inahitaji mahali pa kuihifadhi taarifa yake ikisubiri zamu ya kutolewa, na mahali hapo hupunguza nafasi ya kukusanya mwanga. Ndiyo maana ISO ya kuanzia ya a9 III ni 250, wakati kamera nyingi huanza na 100. Usiku, ukiwa kwenye ISO 6400, chenga zinaonekana mapema kwenye vivuli, na ukijaribu kuukweza mwanga baadaye kwenye kompyuta zinazidi. Kwenye uwanja wenye taa nzuri si tatizo. Kwenye uwanja wa mkoani wenye nguzo chache, lenzi ya f/2.8 itakufaa kuliko spidi yoyote ya kamera.

Flashi imefunguliwa mlango

Hapa ndipo shata ya mkupuo ilipoleta jambo jipya kweli. Kamera nyingi zenye shata ya mitambo haziwezi kuoana na flashi kikamilifu kupita 1/200 au 1/250. A9 III inaoana nayo kwa spidi zote. Kwa jua letu la saa saba mchana, linalotoka utosini na kuyafanya macho ya mwanariadha mweusi yatumbukie kwenye kivuli, hilo ni jambo kubwa. Ukiwa kwenye ISO 250 na f/5.6, jua kali linataka 1/2000. Kwa spidi hiyo unaweza kuwasha flashi, ukaujaza uso mwanga, na anga ikabaki na rangi yake. Ukipanda hadi 1/8000 na f/2.8, flashi huanza kupoteza nguvu, kwa sababu mmweko wenyewe unadumu muda mrefu kuliko shata inavyokaa wazi.

Lakini flashi peke yake haitoshi. Tarehe 25 Mei 1965, kwenye pambano la ndondi mjini Lewiston, Maine, Marekani, mpigapicha Neil Leifer alimpiga picha Muhammad Ali akiwa amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala sakafuni. Alitumia flashi zilizoning'inizwa juu ya ulingo, ambazo zilihitaji sekunde kadhaa kujichaji. Kwa tukio kama lile alikuwa na picha moja tu. Katikati ya miguu ya Ali anaonekana Herb Scharfman, mpigapicha mwenzake wa Sports Illustrated, akiwa upande wa pili wa ulingo, mgongo wa Ali ukimkabili. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kazi hii. Upande waliokaa ndio uliowatenganisha.

Fokasi na mzigo wa picha

Fokasi ya kamera hii hutambua mwili, kichwa na jicho, na haimpotezi mchezaji kirahisi. Inapokosea, hukosea kwenye msongamano: mwamuzi akikatiza mbele, au wachezaji wawili wa jezi moja wakipishana. Dawa yake ni kuanza na alama ndogo ya fokasi juu ya mtu unayemtaka, kisha kupunguza wepesi wa kuhama ili kamera isimkimbilie kila anayepita.

Bafa yake, yaani kumbukumbu ya muda, hujaa baada ya takriban picha 192, yaani sekunde 1.6 za spidi ya juu. Ukibonyeza mapema kwa pupa, goli litafungwa kamera ikiwa inaandika kwenye kadi. Halafu kuna dawati linalosubiri. Mapumziko ni dakika 15, na mhariri anataka picha tatu, siyo elfu mbili. Kila picha unayopiga bila sababu unailipia kwa muda wa kuchagua. Mpango ulionifaa ni kuziacha picha 20 ziwe kawaida ya mchezo, na kuitunza 120 kwa mguso: kichwa, mkwaju wa penalti, kidole cha kipa, kifua kwenye mstari.

Ununue au usinunue

Bodi ya a9 III ilitoka kwa takriban dola 6,000 za Marekani, na lenzi ya Sony ya milimita 300 f/2.8, iliyotangazwa pamoja nayo, kwa bei kama hiyo. Anayepiga ndondi, kikapu cha ndani au gofu, na mwenye flashi zake, hii ni zana iliyotengenezwa kwa ajili yake. Anayeishi kwa mechi za ligi na riadha, na fedha zake ni za kuhesabu, ningemshauri atafute kamera ya sensa ya tabaka yenye uwezo wa kuhifadhi picha za kabla ya kubonyeza, hata iliyotumika, na tofauti ya bei aiweke kwenye lenzi ya f/2.8. Uwezo huo ndio uliozaa picha nyingi nilizozitunza kwenye majaribio haya, na kwa bahati njema si wa kamera hii pekee.

Kwa kila kamera, kazi ya kwanza inabaki ile ile: fika mapema, itazame timu ikipasha, jua nani anapiga kona kwa mguu gani, kisha chagua pa kukaa. Spidi ya picha 120 inaondoa bahati kwenye milisekunde 10 za mguso. Dakika 90 zinazozitangulia bado ni zako kuzisoma.