Basi Halifiki Vanga

Safari za wanafunzi kwenda Shimoni zafanana: pango, picha, mashua ya Wasini, pomboo, wali kwa samaki, nyumbani. Mimi niliacha chuo, hakuna anayenidai ripoti, kwa hiyo nasema nionavyo: pango linatisha kweli, safari ndiyo dhaifu.

Wapo wanaoliita pango eti "Auschwitz yetu". Hapana, jamani. Utumwa una historia yake, hauhitaji kuazima jina. Cha kuazima ni kazi. Ujerumani, msanii Gunter Demnig alianza miaka ya 1990 kupachika vijiwe vya shaba mbele ya nyumba za Wayahudi na wengine walioteswa na kuuawa na Wanazi: jiwe moja, mtu mmoja, jina lake. Ili usome, lazima uiname.

Sisi je? Januari 1915 watu walipigana na kufa Jasin, mpakani, karibu na Vanga. Wapagazi wa vita ile, walioiachia Kariokor jina, walikufa maelfu kwa maelfu. Sanamu yao Nairobi inaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, lakini yenyewe haina jina hata moja. Na basi la shule halifiki Vanga.

Wapeni wanafunzi daftari, wawaulize wazee wa Vanga na Msambweni: nani kwenu alichukuliwa, hakurudi? Wakirudi na jina moja tu, wamesoma historia. Wakirudi na picha za pomboo, hiyo ilikuwa pikiniki.