Heko kwa Wanaomsoma Sifongo

Sifongo hana ubongo, hana moyo, hana tumbo. Anakaa palepale alipojishika mwambani, anavuta maji kupitia vitundu vya mwili wake, anachuja bakteria na chembe za chakula, kisha anayatoa maji yakiwa safi zaidi. Mnyama mkimya kiasi hicho ni rahisi kupuuzwa, na ndiyo maana nawaheshimu sana walioamua kumsoma.

Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, H. V. Wilson, alieleza alivyomkamua sifongo kupitia kitambaa chembamba cha hariri mpaka zikabaki seli zilizotawanyika majini. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliendelea kutazama. Seli zikatambaa, zikakutana, zikashikana, na sifongo akaumbika upya! Hadi leo, kila nikilifikiria jaribio lile nasisimka.

Warithi wake sasa wanalinganisha kromosomu ili wajue kama sifongo ndiye aliyechepuka kwanza katika ukoo wa wanyama wote, na mabishano bado ni makali. Wengine wanampima sifongo ili kugundua uchafuzi: kwa kuwa anachuja maji mfululizo, metali nzito humlimbikia mwilini, na kipande chake kidogo kinafichua yanayomwagwa baharini.

Kule Jambiani, Unguja, kina mama wanamlima kwenye kamba na kumuuza kwa ajili ya kuogea. Kipande kikikatwa vizuri, kinakua tena. Kabla ya hapo ilibidi watu wapige mbizi, wajaribu aina hii na ile, wapime, wasubiri. Hao nawapa heko kwa moyo wangu wote.