Mkello katika mistari miwili

Vitabu vya historia ya vyama vya wafanyakazi humtaja Victor Mkello kwa mistari miwili mitatu, kisha vinasonga mbele. Aliongoza wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, akawa rais wa TFL. Januari 1963, baada ya migomo, serikali ilimhamishia Sumbawanga kwa nguvu, yeye na mwenzake Sheshe Amiri. Si mkoloni huyo, ni serikali yetu! Na waziri aliyeshika mambo ya kazi, Michael Kamaliza, alitoka TFL hiyohiyo. Hapo pana riwaya nzima, lakini wengi wanapita haraka.

Shafi Adam Shafi aliwaandikia makuli wa bandari ya Zanzibar. Gabriel Ruhumbika, katika Miradi Bubu ya Wazalendo, aliwakumbuka manamba. Mkello bado anasubiri mwandishi wa namna hiyo, na sio wa kumsifu tu. Mkonge ndio uliokuwa ukiingiza fedha nyingi za kigeni. Hoja ya serikali nayo ipimwe.

Sisi wa Murungu tuna sababu ya kudai kitabu hicho. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanza 1944, ilichukua watu Kibondo na Kasulu kuwapeleka Tanga. Huko Muha alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Asipomaliza ngwe yake, siku hiyo haiandikwi. Yaani amekata mkonge bure. Mwandishi aanzie kwenye kadi hiyo, ofisi za TFL Dar es Salaam zitafuata.